Mlaze mgonjwa, apulize tena

Mgonjwa wa uvimbe wa misuli hujulikana nyumbani kabla hajajulikana hospitali. Choo cha kuchuchumaa kinageuka adhabu: kushuka anashuka, kuinuka mpaka ashike ukuta. Akisujudu, wenzake wanasimama kwa rakaa inayofuata, yeye bado anatafuta pa kuegemeza mkono. Ndoo ya maji haipandi tena kichwani. Msusi anashusha mikono kila baada ya dakika mbili na mteja anaanza kunung'unika. Daktari makini huyauliza haya yote na kuyaandika kwenye faili. Swali linalosahaulika ni jingine: mama, ukilala chali unapumuaje?

Maoni yetu ni haya. Kupumua ni kazi ya misuli, na ugonjwa unaodhoofisha mapaja na mabega hauna sababu ya kuiacha misuli ya kifua salama. Kila anayegunduliwa kuwa na ugonjwa huu apimwe nguvu ya kupumua mapema, apimwe tena kila anaporudi kliniki, na akikutwa imepungua afundishwe kuizoeza misuli hiyo kama anavyofundishwa kuzoeza miguu. Kwa sasa wengi wanapewa vidonge na tarehe ya kurudi, na wanaambiwa wapumzike.

Kwa asiyeujua: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaigeukia misuli ya mwenyewe na kuishambulia. Madaktari huuita miositisi. Si ugonjwa mmoja bali ukoo mzima. Upo unaoandamana na upele wa ngozi, upo usio na upele, upo unaowapata zaidi waliovuka miaka 50 na kuanza na vidole kushindwa kukunja, na upo unaoshambulia misuli na mapafu kwa pamoja. Ukiondoa huo wa wazee, wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, karibu mara mbili. Wagonjwa si wengi, na hilo ndilo linalowaponza: daktari wa wilayani anaweza kumaliza miaka kadhaa kazini bila kukutana na hata mmoja, na akikutana naye asimtambue.

Ngozi nayo hutudanganya. Vitabu vinasema upele wa zambarau kwenye kope na wekundu juu ya vifundo vya vidole, na picha zake nyingi ni za Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliokolea, au kijivu, au mabaka yaliyofifia, na mtaani watasema ni mzio au ni mkorogo umemharibu uso. Mwanamke anaweza kuzunguka maduka ya dawa miezi mitatu akinunua krimu, huku mabega yanazidi kulegea.

Turudi kwenye pumzi. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uliojitandaza, na Kiswahili kiliupa jina zuri: kiwambo. Jina hilo linatokana na kuwamba, kuvuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Kiwambo kikijikaza hushuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Kikilegea hupanda, hewa inatoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chukua kiwango cha chini kabisa, ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kiwambo peke yake. Hakuna msuli wa mguu unaofanya kazi hivyo bila likizo. Ipo pia misuli ya tumbo, ambayo hatuikumbuki mpaka tutake kukohoa. Kikohozi chenye nguvu ndicho kinachotoa makohozi, na kinachomwokoa mtu aliyepaliwa. Miositisi hugusa pia misuli ya koo, kwa hiyo mgonjwa anapaliwa mara kwa mara na wakati huohuo hana nguvu ya kukohoa. Nimonia nyingi za wagonjwa hawa huanzia hapo, kwenye kijiko cha uji kilichopita njia isiyo yake.

Kosa linavyotokea si vigumu kulieleza. Mgonjwa anasema anachoka, anakosa pumzi akipanda ngazi, usiku ameongeza mto wa pili na wa tatu. Anawekewa kile kifaa cha kidoleni ambacho tangu korona kila zahanati inakijua. Kinasoma 97. Anaambiwa oksijeni yako nzuri, nenda nyumbani. Oksijeni ni nzuri kweli! Ila kifaa kile hakipimi nguvu za msuli. Mtu mwenye kiwambo dhaifu huweza kushikilia namba nzuri kwa muda mrefu kwa kupumua haraka haraka na kwa kutumia misuli ya shingo, kama mtu anayebeba gunia kwa meno. Namba inaposhuka, mara nyingi mzigo umekwisha kumshinda. Kinachotangulia ni hewa chafu kubaki mwilini, hasa usingizini: anaamka na kichwa kinauma, mchana anasinzia kwenye kiti, anakuwa mzito wa mawazo. Hapo kumpa oksijeni peke yake na kumwacha ni hatari, maana oksijeni haiubebei msuli kazi yake, na inaweza kuificha hali inayozidi kuharibika.

Kama si kifaa cha kidoleni, basi ni jina la ugonjwa mwingine. Katika nchi zetu, anayekosa pumzi na kukonda hutafutiwa kwanza kifua kikuu, na ni haki kufanya hivyo. Asiyekutwa nacho huandikiwa dawa ya pumu. Asiyepata nafuu hupelekwa kwa daktari wa moyo. Wote hao wanafanya kazi yao. Tatizo ni kwamba katika safari hiyo yote hakuna aliyemwambia mgonjwa alale chali wakamtazama tumbo. Mwenye afya akivuta pumzi, tumbo huinuka. Mwenye kiwambo kilicholegea, tumbo huzama wakati kifua kinapanda. Kuliona hilo hakuhitaji umeme wala bajeti, ni dakika moja na macho mawili.

Tena pumzi fupi ya mgonjwa huyu ina baba watatu, na kila mmoja ana dawa yake. Wa kwanza ni mapafu yenyewe: baadhi ya aina za miositisi, hasa ile inayoandamana na kingamwili ziitwazo anti-Jo-1, huleta makovu katikati ya vifuko vya hewa. Wa pili ni msuli dhaifu uliovimba. Wa tatu hatumtegemei, maana ni dawa. Prednisoloni, ambayo huokoa maisha ya wagonjwa hawa, ikitumika kwa dozi kubwa kwa miezi mingi hudhoofisha misuli ileile iliyokuja kuitibu. Anayeongeza dozi bila kupima anaweza kuwa anamwaga petroli akidhani ni maji. Anayeipunguza bila kupima anaweza kuufufua ugonjwa. Ndiyo maana tunasisitiza kipimo kabla ya zoezi na kabla ya dawa, na ndiyo maana mgonjwa asithubutu kujipunguzia vidonge baada ya kusoma gazeti, hata hili.

Sasa kuhusu kupumzika. Kwa miaka mingi, na si Afrika tu, wagonjwa wa miositisi waliambiwa wasijitumikishe. Hoja ilionekana ya busara: msuli umevimba, ukiutumia utazidi kuchanika. Hofu hiyo ilianza kuvunjwa miaka ya tisini. Mwaka 1998 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo ya kikundi kidogo cha wagonjwa waliopanda baiskeli ya mazoezi na kupanda na kushuka ngazi. Walipata nguvu, na uvimbe haukuamka. Mwaka uliofuata Helene Alexanderson na wenzake wa Stockholm walionyesha kwamba mazoezi mepesi ya nyumbani, siku tano kwa wiki kwa majuma 12, yanamfaa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umetulia. Mwaka 2000 wakaonyesha jambo kubwa zaidi, kwamba hata mgonjwa mpya ambaye ugonjwa bado uko moto anaweza kufanya mazoezi yaliyopimwa bila kudhurika. Leo mazoezi ni sehemu ya tiba, sambamba na vidonge. Robo karne baadaye, bado tunasikia wagonjwa wakiambiwa walale.

Na hata pale ushauri huo mpya ulipofika, uliishia kwenye miguu na mikono. Kiwambo kikaachwa nyuma kana kwamba si msuli.

Kukizoeza ni kazi rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kifaa chake ni kibomba cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kizibo kilichofungwa kwa springi. Mgonjwa anaziba pua, anaweka mdomo, anavuta. Kizibo hakifunguki mpaka avute kwa nguvu iliyowekwa. Springi ikikazwa, kazi inaongezeka, kama vile mnyanyua vyuma anavyoongeza kisahani. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Kwanza hupimwa nguvu yake ya juu kabisa ya kuvuta: mtu mzima anayefika 80 na kuendelea kwa kawaida hana udhaifu wa kutisha, na anayeshindwa kufika 30 yuko ukingoni, huyo haendi nyumbani na kibomba bali analazwa na kuangaliwa. Kisha springi huwekwa karibu asilimia 30 ya nguvu yake. Utaratibu wa kawaida ni pumzi 30 asubuhi na 30 jioni, siku tano au zaidi kwa wiki, kwa majuma sita hadi manane, na springi huongezwa kadiri nguvu inavyorudi. Kila kipindi ni cha dakika chache tu. Mtu anaweza kukikamilisha kabla chai haijapoa, akijaliwa kutosahau.

Kifaa hiki kisichanganywe na vitu vingine. Kile kifaa chenye vipira vitatu wanachopewa waliopasuliwa ni kizuri kwa kazi yake, nayo ni kumkumbusha mtu kuvuta pumzi ndefu ili pafu lisinywee. Hakina mzigo uliopimwa. Kupuliza puto kunazoeza misuli ya kutoa hewa, si ya kuiingiza. Nyungu tuliyojifukiza Tanzania nzima wakati wa korona mwaka 2020 hufungua pua na kumpa mtu faraja yake, lakini mvuke haujengi msuli wowote. Tunasema hivi kwa sababu neno "mazoezi ya mapafu" limekuwa kama kapu la sokoni, kila mtu anatia anachouza. Pafu halifanyi mazoezi. Pafu halina msuli wa kujivuta lenyewe, linavutwa.

Je, faida yake imethibitishwa kiasi gani? Tuseme ukweli bila kupamba. Ushahidi mwingi wa kibomba hiki umetoka kwa wagonjwa wa njia za hewa zilizoziba, wa moyo ulioshindwa, na waliokuwa wakiachishwa mashine ya kupumulia. Kwao, kinachojirudia katika tafiti ni nguvu ya kuvuta kuongezeka na pumzi kuwa nyepesi kidogo. Kwa wagonjwa wa miositisi tafiti ni chache na zimehusisha watu wachache. Wala kibomba hakifuti kovu la pafu, wala hakichukui nafasi ya dawa ya kutuliza kinga. Atakayemuuzia mgonjwa tumaini hilo ni mwongo. Hata hivyo, tunapoweka mizani, upande mmoja kuna zoezi la dakika chache, lenye madhara madogo likisimamiwa; upande wa pili kuna nimonia, mashine ya kupumulia, na hospitali zenye vitanda vya kuhesabika vya wagonjwa mahututi. Sisi tunaona pa kuegemea.

Usimamizi ndio neno. Wapo wasiopaswa kukigusa kifaa hiki mpaka daktari aseme: mwenye pafu lililowahi kutoboka karibuni, mwenye pumu isiyodhibitiwa, mwenye ngoma ya sikio iliyopasuka. Kuna aina ya miositisi, ile yenye kingamwili ziitwazo anti-MDA5, ambayo hewa inaweza kuvuja na kuingia katikati ya kifua bila sababu ya nje. Kumvutisha mgonjwa huyo kwa nguvu bila kumchunguza ni uzembe. Halafu kuna kifua kikuu. Dawa za kutuliza kinga huweza kukiamsha kilichokuwa kimelala, na kumwambia mwenye kifua kikuu kisichotibiwa apumue kwa nguvu katika chumba kidogo ni kuwamwagia vijidudu waliomo. Kwa hiyo makohozi kwanza, kibomba baadaye. Na kibomba ni cha mtu mmoja, kama mswaki. Tunajua tabia yetu ya kuazimana.

Tunaomba nini basi? Kwanza, hospitali za mikoa zenye spirometa, mashine ya kupimia pumzi, ziitumie. Kuna mahali ipo, imefunikwa kitambaa kizuri. Mgonjwa apulize akiwa ameketi, halafu alazwe chali apulize tena. Kwa mtu mzima wa afya tofauti ni ndogo, haizidi sana asilimia 10. Namba ya kulala ikishuka kwa robo au zaidi, kiwambo kinashukiwa.

Pasipo na spirometa, kile kipimio cha kupulizia wanachotumia wagonjwa wa pumu kinatosha kupimia kikohozi: mgonjwa akohoe ndani yake kwa nguvu zake zote. Chini ya lita 270 kwa dakika, mafua ya kawaida yanaweza kumlaza. Chini ya 160, hawezi kutoa makohozi yake mwenyewe, na anahitaji msaada wa mikono au mashine.

Pasipo hata na hicho, mgonjwa avute pumzi moja kubwa na kuhesabu kwa sauti mpaka imwishie. Katika vitabu, mwenye afya hufika karibu 50, na anayeishia chini ya 20 ni wa kuangaliwa haraka. Hapa kuna jambo dogo ambalo waandishi wa vitabu hivyo hawakulifikiria. Namba hizo ziliwekwa kwa wanaohesabu Kiingereza, ambako moja hadi kumi karibu zote ni silabi moja moja. Zetu hazipungui mbili, na ukifika "ishirini na saba" umeshatamka silabi saba. Mgonjwa wetu ataonekana dhaifu kuliko alivyo. Dawa yake ni kutomlinganisha na kitabu bali na yeye mwenyewe: leo kafika ngapi, mwezi uliopita alifika ngapi, na iandikwe kwenye kadi. Aliyekuwa anafika 30 akaanza kuishia 18 ametoa taarifa tosha, kwa lugha yoyote.

Jambo la pili linawahusu wataalamu wa fiziotherapia. Tunao, wanafundishwa hapa hapa, na wengi wao wanafanya kazi ya kunyoosha migongo na kuamsha viungo vya waliopooza. Waingizwe kwenye kliniki ya magonjwa ya maungio na misuli siku ileile mgonjwa anapoonwa na daktari. Mgonjwa anayeshindwa kupanda daladala asiambiwe arudi Alhamisi ijayo, jengo jingine, ghorofa ya pili.

La tatu ni fedha. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kenya ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Kote huko bado watu wanabishana nini kiingie kwenye kitita cha mafao na nini kibaki nje. Kibomba cha kuzoezea pumzi kinanunuliwa mara moja na kudumu muda mrefu. Siku moja ya mashine ya kupumulia si jambo la kulinganisha nacho kwa gharama. Wanaoandika orodha hizo wakiweke, pamoja na vipindi vya mtaalamu wa kukifundisha, maana kifaa bila mwalimu kitaishia kabatini karibu na spirometa.

Kwako msomaji uliye na ugonjwa huu, au unayemuuguza mwenye nao: usisubiri kuulizwa. Ukienda kliniki, sema umeongeza mito mingapi, sema unapaliwa mara ngapi, sema unaamka na kichwa kinauma. Wakikupulizisha ukiwa umeketi, waombe kwa heshima ulale chali upulize mara ya pili, na uondoke na namba zote mbili zikiwa zimeandikwa.